Jani la Sale la Kalisti

Mwaka wa sabini na mbili, Kalisti wa Mwika, mvivu aliyeiona hata kahawa yake mwenyewe kuwa adhabu, alikutana sokoni Moshi na Faustin, mkata miwa kutoka Kigoma, aliyefanana naye mpaka pengo la jino. Wakabadilishana mashati na maisha. Kalisti alidhani kwenye miwa watu hulipwa kwa kulamba sukari.

Wiki ya tatu, viganja vikiwa malengelenge matupu, alirudi kwa mkewe Avelina na jani la sale mkononi, maana Mchagga akiletewa sale hana budi kusamehe.

"Mke wangu, ni mimi Kalisti. Nisamehe."

Avelina akacheka. "Mume wangu aliniletea jani lake siku ile ile aliporudi kutoka sokoni Moshi. Nililingoja miaka kumi na miwili, nikamsamehe yote."

"Yule? Hajui hata salamu ya Kichagga! Lazima alidhani ni majani ya ng'ombe!"

"Najua, mgeni wangu. Lakini wewe hata ng'ombe hukuwahi kumkatia."

Akalichukua lile jani, akampa ng'ombe. Faustin alikuwa juu ya paa, akiziba tundu ambalo Kalisti aliahidi kuliziba tangu harusi.