Wiki Mbili Zinatosha

...na kama wiki mbili zingetosha kweli, basi wangekwenda wao, Persis alijiambia huku akikwanyua majani ya chinsaga, mboga chungu ya kwao, na kuyaangusha kwenye ungo mapajani mwake, wangekwenda wao wapande na kushuka kama watu waliotumwa chumvi sokoni Kebirigo, lakini anayekwenda ni yeye, na nchi yenyewe ni Kanada, nchi ambayo Doroti alimwambia garimoshi huingia upande mmoja, abiria akalala, akaamka, akalala tena, na bado halijatokea upande wa pili... na dirisha la sebuleni lilikuwa wazi juu ya kichwa chake, na sauti za wanaume zilimshukia hapo verandani, kwenye kigoda chake, kana kwamba hayupo, shemeji yake Machogu akisema wiki mbili, mwanawe Thadeus akisema wiki mbili zinatosha, Nehemiah mzee wa kanisa akikohoa na kuomba aongezwe chai, na mbele yake Marion, mke wa Thadeus, mimba yake ikiwa imekwisha kuonekana wazi, akimenya ndizi mbichi, mikono ameipaka mafuta ili utomvu usimgande. Jumapili nzuri kabisa, jua limetulia juu ya mashamba ya chai, na watu wazima watatu wamekuja kumpangia safari. Walimwambia alete viti, akaleta, alete chai, akaleta, na alipotaka kuketi Machogu akasema kwa upole wake ule wa dukani kwamba shemeji asijisumbue, aendelee na mboga zake, wao watazungumza kidogo halafu watamwita... watamwita, naam, hilo wanaliweza, maisha yake yote ni kuitwa, mume wa fulani amesimama langoni amelowa mvua, Mama Thadeus, njoo upesi, chupa ya uzazi imekwisha pasuka, na yeye huacha bakuli la uji wa wimbi na maziwa mezani, huvaa viatu njiani, anakimbia mteremko na kupanda kilima cha pili, na akirudi uji umeganda na nzi wameufaidi. Watoto wangapi wa miteremko hii wameanza kwa kuyaona macho yake, hajui, hakuwahi kuwahesabu, wengine sasa wana ndevu na wakikutana naye sokoni wanampisha njia kwa aibu. Na Thadeus huyu, anayezungumza sasa kwa sauti ya karani wa mjini, akieleza kwamba mtu wa umri wa mama hawezi kuzurura miezi mitatu kwa watu... kuzurura, ndilo neno alilochagua, mtoto aliyetoka tumboni mwake akitanguliza miguu, akamsumbua usiku kucha, leo anajua maana ya kuzurura.

Doroti asingesema hivyo. Doroti alikuwa nesi hospitali ya misheni, Mkanada mrefu mwenye mabaka ya jua usoni, na siku za kwanza alichekesha wodi nzima kwa sababu alikuwa amejifunza Kiswahili kabla ya kuja, kisha akasikia watoto wa Kigusii wakiwaita mama zao baba, akasimama na sindano mkononi akiuliza baba yuko wapi, baba yuko wapi, na baba, kwa Kigusii, ni mama, huyo huyo mwanamke aliyelala kitandani. Miaka yote ile walifanya kazi pamoja, Persis akiwa mkunga wa wodi ile, na alasiri, wodi ikitulia, walikuwa wakikunja vitambaa vilivyochemshwa, mmoja anashika ncha hizi na mwingine zile, wanasogeleana, wanaachana, wanasogeleana, na hapo ndipo Kanada ilipopangwa, kati ya kitambaa na kitambaa. Utashuka mashariki, Doroti alisema, usipande ndege nyingine, panda garimoshi, kaa dirishani, utaona ngano, utalala, utaamka utaona ngano, utadhani garimoshi limesimama, halafu siku moja milima, na milima ikiisha, bahari. Ukiona kituo kidogo umekipenda, shuka, garimoshi jingine litakuja. Usije mbio, Persis, ukija mbio utaona uwanja wa ndege na jiko langu basi. Na Persis alicheka, akasema yeye hajawahi kushuka mahali popote kwa sababu amepapenda, kila mahali aliposhuka kulikuwa na mtu anapiga yowe ndani... wakacheka, kisha Doroti hakucheka tena, akamtazama tu, ncha za kitambaa mikononi. Sasa amestaafu, amerudi kwao, mwakani anauza nyumba aende kukaa na dada yake, ameandika kwamba mwaka huu ndio mwaka, njoo kabla ya theluji. Na mwaka huu wa sabini na nne Persis naye amestaafu, chai yake imemlipa vizuri, hajamwomba mtu, na bado wamekuja watatu kukaa juu ya jambo lake kama kuku juu ya mayai ya bata.

Machogu alikuwa akisema kwamba ikiwa anakwenda, basi asiende mikono mitupu, amchukue Mogire, kijana wake, amtafutie shule huko, kwani wazungu wanamheshimu shemeji, akisema neno watasikia, na safari iwe moja kwa moja mpaka kwa huyo Doroti, mambo ya vituo vidogo vidogo ya nini. Nehemiah akaona ni vizuri zaidi akizungumza makanisani, Sabato moja hapa, Sabato nyingine pale, awaeleze ndugu wa kule habari za kazi ya Mungu milimani kwetu, huenda wakaguswa wakatoa kinanda, maana hiki cha sasa kinapumua kama mzee... na Persis alikwanyua jani kwa nguvu hata shina likakatika, akalitupa, akachukua jingine, kinanda, akatembee Kanada nzima na kinanda mgongoni na Mogire mkononi, na ngano atazionea wapi, atazionea kwenye mkate. Angewaambia nini. Angeingia sasa hivi, asimame katikati ya zulia, aseme mimi nataka kukaa dirishani. Ni hilo tu. Nataka kukaa dirishani na mtu yeyote asiniite. Wangetazamana. Wangedhani ni umri. Hata yeye mwenyewe, akilisema moyoni, linasikika kama maneno ya mtu mvivu, na hajawahi kuwa mvivu, labda ndiyo sababu hajui namna ya kulitaka jambo lisilo na kazi ndani yake, na Onsongo angejua, marehemu mume wake, mtu wa taratibu, aliyeweza kukaa kwenye ukuta wa kisima alasiri nzima akitazama mawingu yakitoka ziwani... yeye na Onsongo walikuwa waende Mombasa. Waione bahari, wapande garimoshi Kisumu, walale njiani, waamke. Mwaka huu walisema, halafu mke wa mwalimu akawa karibu kujifungua, wakasema mwakani, mwakani mapacha wa kule Nyansiongo, mwakani tena, na Onsongo hakugomba, alisema tu siku moja akifunga kamba za viatu, wewe ni wa watu, mimi nimekuazima. Alisema kwa kutabasamu. Na kifua chake kilipombana mara ya mwisho Persis alikuwa kilima cha pili, ameshika kichwa cha mtoto wa wenyewe, na alipofika nyumbani amefurahi kwamba mama na mtoto ni wazima, akakuta watu wamejaa uani wamekaa kimya.

"Mambo mengine tunaweza kujadili," Thadeus alisema ndani, na sasa sauti yake ilikuwa ya mwana, si ya karani, "lakini mtoto anazaliwa mwezi wa saba. Mama lazima awepo. Nani mwingine atamzalisha Marion?"

Na hapo ndipo Persis alipoacha kukwanyua, kwa sababu mambo ya kinanda angeyakataa, na Mogire angemkataa, lakini hili halikuwa la Thadeus peke yake, hili lilikuwa lake pia, lilimkaba tangu siku alipoona Marion anakimbia harufu ya vitunguu, mjukuu wake wa kwanza, apokewe na mikono ya nani, aliyepokea wa kila mtu asipokee wa kwake, watu watasema nini, na yeye mwenyewe atajiambia nini, amekaa dirishani anatazama ngano za wenyewe huku... na akaanza tena ile kazi aliyoifanya wiki nzima, kuikatakata safari, mwezi wa saba ukae katikati, basi aende mwezi wa tano arudi wa sita, lakini hati zake za safari hazitakuwa tayari, basi aende baadaye, mwezi wa nane mwishoni, mtoto akishapata nguvu, lakini Marion atahitaji mtu, basi wa tisa, wiki chache, aache milima, aache bahari, Doroti mwenyewe ndiye muhimu, vituo vidogo ni upuuzi, ashuke kwenye ndege achukue ndege nyingine, afike, wanywe chai, warudi kukunja vitambaa... na akaona amekwisha fika kwenye wiki mbili. Amefika peke yake, kwa miguu yake, bila Machogu kumsukuma. Hasira ikampanda hata macho yakamwasha, hasira ya Thadeus, hasira ya Onsongo kwa kutogomba, kisha, Mungu amsamehe, hasira ya kile kitumbo kilichokuwa mbele yake kikipanda na kushuka chini ya gauni la maua, mtoto asiye na jina, asiye na kosa, naye tayari anamwita.

"Mama," Marion alisema. Alikuwa ameacha kumenya. "Naomba kusema neno."

"Sema, mwanangu."

"Mimi ningependa kujifungulia Nyamache. Kwa mama yangu. Kuna zahanati karibu, kuna nesi."

Persis alisikia maneno yote na hakuyaelewa, kama mtu aliyeulizwa jambo katikati ya usingizi, akamtazama msichana yule, mwalimu wa darasa la pili, mpole, ambaye hajawahi kukataa chakula wala kazi, akauliza kama Thadeus anajua.

"Hajaniuliza," Marion alisema. Akatazama kisu. "Naona haya, Mama. Wewe ni mama ya mume wangu. Sitaki unione nikilia vile."

Nayaona ya kila mtu, Persis alitaka kusema, hakuna nisilolijua katika mwili wa mwanamke, hata ungepiga yowe kilima kizima kisikie mimi nisingekuhukumu, mikono hii... maneno yalikuja yakajaa mdomoni na yote yalikuwa kweli na yote yalikuwa ya mikono yake, hakuna hata moja lililokuwa la Marion, hajaniuliza, alisema, na yeye Persis je, alimuuliza lini, alitangaza kanisani, alichagua chumba, alichemsha vitambaa akavifunga kwenye karatasi, alimgusa tumbo mbele ya jirani akasema huyu atanikuta, na msichana alisimama hapo akatabasamu jinsi yeye alivyotabasamu leo alipoambiwa aendelee na mboga zake. Kitu kilimchoma chini ya kifua, si hasira, kidogo kama aibu na kidogo kama msiba, kwamba mtoto wa kwake atapokewa na mwingine kwa sababu tu mama yake anataka hivyo, na hakuna kosa la mtu, na hahitajiki. Hilo neno. Alilitaka wiki nzima kama mtu anavyotaka maji, na sasa limekuja limekaa mapajani mwake pamoja na chinsaga, na ni zito, na si tamu, milima imerudi, bahari imerudi, garimoshi limesimama linamngoja, na yeye anaogopa kulipanda, maana ndani yake hakuna anayepiga yowe, na hajui mwanamke atakayeketi pale dirishani ni nani, hajawahi kukutana naye... labda Onsongo aliwahi kumwona, mara moja moja. Labda Doroti.

"Unamtaka mama yako," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Mimi nilizaa Thadeus kwa mama ya mume wangu. Nilimtaka wangu siku ile mpaka leo." Hakuwahi kumwambia mtu. Hata yeye hakujua kama bado anakumbuka, mkono ule mgumu wa mama mkwe uliomziba mdomo ili asiwaaibishe.

Ndani, vikombe viligongana. Machogu alikuwa akifunga mambo, basi tumeelewana, mwezi wa tisa, wiki mbili, Mogire atafuata mwakani, na Nehemiah akasema amina kama vile ilikuwa sala, na Thadeus akaita kupitia dirishani, "Mama, karibu ndani sasa tukueleze."

"Nachambua mboga," Persis alijibu. Ungo haukuwa umefika hata nusu. Akamgeukia Marion, na ulimi wake, uliozoea kutoa amri, sukuma, pumzika, sukuma, ulikuwa tayari umeshika maneno, nyamaza wewe, nitamwambia mimi, akayazuia yasitoke. "Hili la Nyamache," alisema, "unataka nimwambie Thadeus mimi, au utamwambia mwenyewe?"

Marion aliweka kisu chini. Mtu ndani akaita tena, Mama Thadeus, na kiti kikaburuzwa sakafuni. Msichana alikuwa akifikiri, uso umekunjamana, vidole vyenye mafuta vimelala juu ya ndizi, na ilionekana ingemchukua muda, na Persis akangoja.