Figo la Shangazi na Maji ya Jibondo

Mkojo wa kwanza wa figo la shangazi niliuona ndani ya mfuko wa plastiki, umening'inia pembeni mwa kitanda changu, hospitali ya Dar es Salaam. Ulikuwa na rangi ya chai nyepesi. Kabla ya siku ile nilikuwa nimeshasahau kukojoa kukoje. Mafigo yangu yalikufa yote mawili, na kwa zaidi ya mwaka damu yangu ilikuwa ikisafishwa kwa mashine.

Muuguzi aliinua ule mfuko akasema, "Mashallah, limeanza." Mimi nilitazama tu. Kitu kilichoishi ndani ya mwili wa mtu mwingine tangu hajazaliwa kimetolewa asubuhi, na magharibi haijafika kinafanya kazi kwangu kama vile hakijahama.

Shangazi alikuwa amelazwa chumba cha pili. Alimtuma muuguzi: "Kamuulize Warda, linamtii? Likimletea kiburi anirudishie."

Shangazi Mwanaharusi ni dada wa marehemu baba yangu, na ndiye aliyenilea. Analima mwani. Akiita mtu kutoka kule mwambani maji ya bahari yakitoka, kijiji kizima kinajua nani anaitwa na kwa kosa gani. Mimi ni mtu wa kuongea na pindo la kanga yangu. Darasa la tano mwalimu alikuwa akitaka nisome mbele ya wenzangu, nami nalia, mpaka nikaacha kwenda. Kwa hiyo shangazi alisema kwa niaba yangu maisha yangu yote. Hata siku daktari alipoeleza kwamba nahitaji figo la ndugu, mimi niliinamisha kichwa, yeye akajibu: "Ninayo mawili. Yote ya nini?"

Tulikaa Dar karibu miezi mitatu. Nilikunywa maji ya chupa na ya bomba kama nilivyoambiwa, chupa kubwa mbili kwa siku, na kila walipopima damu daktari alitabasamu. Kisha akaturuhusu turudi Mafia, kwa sharti kwamba kila wiki niende hospitali ya Kilindoni kupimwa, na majibu yatumwe kwake.

Kwetu ni Jibondo. Ni kisiwa cha mwamba, visima vyake vina chumvi. Mwaka ule mvua za vuli zilikosa, na tangi la kijiji likabaki tope. Maji ya kunywa yalivushwa kutoka kisiwa kikubwa cha Mafia kwa boti ya Hemedi, kwenye madumu ya njano. Boti ikifika, wanawake huingia baharini mpaka mapajani, wanajitwika, wanapanda mwamba nayo.

Mimi na shangazi tulikatazwa kubeba kitu kizito. Aliyetubebea ni jirani yetu, dada Chiku, mwenye mtoto mchanga mgongoni. Nilikuwa nikikaa mlangoni namwona anavyopanda: dumu kichwani, mtoto nyuma, mguu mmoja unatafuta jiwe. Akifika anamimina kwenye mtungi wetu, anapangusa jasho, anasema, "Haya Warda, kunywa." Nami namshukuru kwa sauti ambayo nadhani hakuisikia.

Kisha nachota kikombe kimoja. Nikikimaliza, nikinyoosha mkono kwenye kata tena, naiona ile shingo ya dada Chiku chini ya dumu. Narudisha kata.

Wiki ya pili tangu turudi, daktari alipiga simu. Shangazi aliiweka sauti kubwa, kwa sababu ndivyo anavyotumia simu zote.

"Warda, majibu ya Kilindoni yamefika. Kreatinini imepanda."

Namba nazijua. Kreatinini ni uchafu wa kwenye damu ambao figo linatakiwa kuutoa. Tulipoondoka Dar ilikuwa mia moja na kumi. Sasa ilikuwa mia moja na themanini.

"Sababu zipo nyingi," daktari akasema. "Pengine dawa, pengine maji, pengine mwili umeanza kulikataa figo. Dawa unameza?"

"Alfajiri na magharibi," shangazi akajibu. "Nampa mwenyewe, namwangalia koo."

"Maji unakunywa?"

"Nakunywa, daktari," nikasema.

"Vizuri?"

"Vizuri."

Sikuona kwamba nasema uongo. Jibondo mtu akinywa kikombe asubuhi, kingine baada ya chakula na kingine jioni, amekunywa vizuri.

"Basi Jumatatu pima tena. Ikiendelea kupanda, uje Dar haraka tukate kipande kidogo cha figo tulichunguze. Usiongeze dawa yoyote, wala ya miti."

Simu ikakatika. Shangazi alitoka nje akakaa barazani, akaanza kufungua mafundo ya kamba za mwani ambazo hazikuwa na fundo.

Mimi nilibaki ndani na lile neno, kulikataa. Figo jipya haliwekwi mgongoni, linawekwa mbele, chini ya tumbo upande mmoja. Ukipapasa unalihisi, kama kiazi kilichofichwa chini ya kanga. Niliweka kiganja. Lilikuwa na joto. Niliogopa, na hapohapo nikastaajabu kwamba halijui kama tunaliogopea. Lilikuwa linaendelea tu na kazi yake kwenye giza la tumbo langu. Mwili wangu ungewezaje kumkataa shangazi? Ulikula mkononi mwake tangu hauna meno.

Nikaliambia polepole, "Shikamoo." Lilikuwa la mtu mzima kwangu. Nilikuwa nimeishi nalo miezi yote hiyo bila kuliamkia.

Kesho yake asubuhi shangazi aliingia jikoni. Nilisikia mfuniko wa mtungi ukifunuliwa. Kisha sauti yake ileile ya mwambani:

"Warda! Njoo hapa."

Alikuwa amezamisha mkono kwenye mtungi mpaka kwenye kiwiko.

"Chiku alijaza lini?"

"Juzi, shangazi."

"Juzi. Na maji yako hapa." Alionyesha alama ya unyevu kwenye mkono wake. "Mimi nimekunywa yangu, nimepikia, na bado yako hapa. Wewe ulikuwa unakunywa nini? Upepo?"

Nilivuta pindo la kanga nikaling'ata.

"Toa nguo mdomoni unijibu."

"Dada Chiku anapata tabu," nikasema.

"Nani?"

"Dada Chiku. Anabeba na mtoto. Naona haya kuyanywa."

Shangazi alitoa mkono mtungini. Maji yalimdondoka kwenye vidole, na hakuyakung'uta, aliyalamba, kama tunavyofanya sote. Nilidhani atapiga kelele. Alisema taratibu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Chiku unamwonea haya kwa dumu la maji. Mimi siku ile nalazwa nichanwe ubavu, ulinionea haya?"

Machozi yalinitoka, naye akanifokea, "Na hayo usiyamwage, ni maji!" Akaanza kucheka mwenyewe, huku ameshika kovu lake, maana akicheka lilikuwa bado linamuuma.

Dada Chiku alikuwa amesimama mlangoni. Sijui tangu saa ngapi. Dumu kichwani, mtoto amelala.

"Kumbe mie nabeba maji ya pambo," akasema. "Naua shingo yangu kila boti ikija ili mtungi wenu upendeze!"

"Nisamehe, dada."

"Sisamehe. Kunywa nikuone."

Nikanywa kikombe. Akasema, "Kingine." Nikanywa. "Kingine." Alikataa kutua dumu mpaka nimalize cha tatu. "Hii shingo uliyokuwa unaionea huruma, ndiyo hii inakusubiri."

Tangu saa ile nilikosa siri. Shangazi aliwaambia wenzake wa mwani, na wenzake wana midomo. Maji yakitoka, wanawake wameinama kwenye kamba zao mbali kule mwambani, mmoja ananyanyuka na kupaza sauti kuelekea kijijini: "Warda! Umekunywa?" Mwingine anadakia: "Umekojoa?" Na wanaume wanaoziba boti pwani wanasikia! Nilitaka mwamba upasuke niingie. Lakini nilikunywa. Madumu yaliongezeka mlangoni petu. Mengine sikujua hata yameletwa na nani. Nilikuwa nayatazama nikishangaa. Watu wa kisiwa kisicho na maji walikuwa wanayamimina ndani yangu, ili nyama ya shangazi iishi.

Jumatatu tulivuka na Hemedi, tukapanda gari hadi Kilindoni. Dada Batool wa maabara alinichoma sindano taratibu. Yeye ni wa familia yenye duka la vitambaa pale mjini, na ni mpole kama mimi, hivyo huwa hatuongei sana.

"Majibu yakitoka nayatuma Dar," akasema. "Daktari atawapigia."

Hatukuweza kungoja, bahari ingepwa ikamkwamisha Hemedi. Tulirudi, tukapanda boti mchana jua likiwa kali, na wanaume sita waliotoka sokoni. Shangazi alinishikisha chupa. Nikainywa yote. Katikati ya Ghuba ya Chole nikabanwa.

Nilibana miguu. Nilitazama mbele, Jibondo bado mbali. Mwanzo nilijiambia nitavumilia, nimezoea kuvumilia. Kisha nikafikiria: ndani yangu kuna kitu kimeshinda kinachuja, hakijapumzika tangu asubuhi, na kazi yake ndiyo hii inagonga mlango. Nami niifungie kwa sababu ya wanaume sita?

"Kaka Hemedi," nikasema.

Injini ilikuwa inapiga kelele. Hakusikia.

"Kaka Hemedi!" Sauti iliyotoka sikuijua. Wote waligeuka. "Sogeza pale kwenye fungu. Nataka kukojoa."

Shangazi alinitazama kama mtu aliyeona bubu anaadhini. Mzee Matano, aliyekaa juu ya gunia la unga, akasema, "Alhamdulillahi, ndiyo maji ya Chiku hayo," na wanaume wote wakageukia upande wa Mafia bila kuambiwa.

Maji yalikuwa yametoka, fungu la mchanga limejitokeza katikati ya ghuba, jeupe, halina hata mti. Nilishuka, shangazi nyuma yangu, akakunjua kanga yake akaishika kwa mikono miwili kama ukuta. Nikachutama.

Hapohapo simu yake ikalia.

"Ni daktari!" akasema. Alishika kanga kwa mkono mmoja na kwa kidevu. "Haloo! Ngoja kidogo, daktari, mgonjwa yuko kazini."

"Kazi gani? Nilimkataza kazi."

"Hii hukumkataza. Sikiliza." Na Mungu ni shahidi wangu, aliisogeza simu chini kwangu.

Nilimsikia daktari akicheka kule Dar es Salaam, kisha akasema, na sauti kubwa ya simu ya shangazi ikamfikisha hadi kwenye boti: "Imeshuka. Mia moja na thelathini na tano. Haijafika tulipoiacha, lakini imeshuka. Hatuna haja ya kukata kipande. Wiki ijayo apime tena, na maji hayohayo."

Kwenye boti mtu alipiga makofi. Shangazi aliitia simu kifuani, akaishika tena kanga kwa mikono miwili.

Mimi nilikuwa bado nimechutama, natazama mchanga ulivyolowa na unavyokunywa. Maji ya ng'ambo, yaliyopita kwenye shingo ya dada Chiku, yakapita kwa shangazi ndani yangu, sasa yanaingia ardhini mbele ya miguu yangu. Niliweka kiganja chini ya tumbo. Lilikuwa na joto lake lilelile.

"Shikamoo," nikaliambia.

"Marahaba, mwanangu," shangazi akaitikia nyuma ya kanga. "Umemaliza? Mkono umeniuma."