Chupa ya Jumatatu

Mimi nikikasirika nasema, na leo nimekasirika, kwa hiyo mnisikilize.

Kazi yangu ni kupima choo. Msikunje pua. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye benchi moja la maabara ya hospitali, na watu wakiniuliza ninafanya nini nawajibu bila haya: nachunguza ya tumboni mwenu. Wanacheka. Wakiumwa wananijia na vikopo vyao wamevificha mfukoni, macho chini.

Nina mdogo wangu mmoja tu, wa tumbo moja. Mama alifariki yeye akiwa hajaota hata meno. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni, nikamlisha, nikampeleka shule. Alipokua akafungua chekechea yake, watoto thelathini, na wa kwanza kuandikishwa alikuwa binti yangu. Ana miaka minne. Tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi. Hata usingizini anasimulia.

Wazazi walitaka uthibitisho kwamba maji ya pale ni salama. Nikawaambia hilo niachieni mimi. Basi kila Jumatatu asubuhi mdogo wangu ananiletea chupa ya maji ya tangi lake, ninapima, Jumatano natoa cheti, anakibandika mlangoni. Sasa, maabara yetu ina sheria, na mimi mwenyewe ndiye ninayewafundisha wanafunzi: anayepima ndiye anayechota. Maji ya kuletewa hayapimwi. Lakini huyu ni damu yangu jamani! Pale fomu inapouliza nani amechota, nilijaza jina langu. Wiki kumi na moja nilijaza jina langu.

Sahani zote kumi na moja nilizooteshea maji yale hazikuota kitu. Si vijidudu vibaya, si vizuri, hakuna hata kimoja. Maji ya tangi hayawi hivyo, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Mimi nikawa namtania, "Maji yako yanashinda ya hospitali!" Naye anacheka, "Si nimefundwa na wewe, dada?"

Tena chupa zilikuwa zinafika vuguvugu. Nikasema ni jua la njiani.

Alhamisi moja Chiriku akarudi analia tumbo. Ijumaa akaanza kuharisha, Jumamosi choo kikawa damu tupu. Jumapili alikuwa amelazwa, kimya, anautazama ukuta. Kwenye vitanda viwili vya jirani walilala wenzake wa darasa moja.

Msimamizi wangu alitaka mtu mwingine apime choo cha mwanangu. Nikamwambia thubutu! Tuna sahani yenye sukari ya aina yake: bakteria wa kawaida wa utumbo wakiila, madoa yao yanakuwa ya waridi, lakini yule mbaya haigusi, kwa hiyo yeye habadiliki rangi. Asubuhi nikafunua sahani ya Chiriku. Waridi hakuna.

Nieleze mgeni huyu anavyofanya, maana mimi namjua, na kumjua hakukunisaidia kitu. Utumbo umefunikwa na seli zenye vijinywele laini sana, ndivyo vinavyofyonza chakula. Bakteria akifika hapo hana pa kushika vizuri. Basi anatoa kitu kama sindano, anaidunga seli, anaiingizia protini yake mwenyewe. Protini ile inachomoza kwenye ukuta wa seli, naye anajishikiza papo hapo. Yaani amekuja na kiti chake, kakiweka sebuleni kwako, kakikalia! Hatosheki. Anailazimisha seli ivunje vijinywele vyake, ichukue nguzo za ndani mwake yenyewe, imjengee jukwaa la kumnyanyua. Na seli inajenga, maskini. Akishatulia juu pale anaachia sumu, na sumu inaingia kwenye damu mpaka kwenye figo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakukutana na huyu.

Figo za Chiriku zikagoma. Mkojo ukakauka.

"Dawa za kuua bakteria siwezi kumpa," daktari aliniambia. "Zikiwapasua, huenda wakamwaga sumu zaidi. Tunasubiri. Akikojoa, tumempata. Asipokojoa mpaka kesho kutwa tutamweka kwenye mashine, na hapo sikuahidi kitu." Kisha akauliza, "Hawa watatu wamekula au kunywa wapi pamoja?"

"Kwa mdogo wangu. Lakini maji siyo," nikasema. "Maji nayapima mimi." Nikaapa na kuapa.

Hata hivyo mchana nilichukua chupa yangu mwenyewe nikaenda. Mdogo wangu hayupo, ameenda wodini kumwangalia Chiriku. Nikamkuta mpishi, mama mmoja mcheshi, anakoroga uji. Nikamwomba maji ya tangi. Tangi halina mfuniko. Ndani yake umetumbukizwa mpira unaotoka kwenye kisima cha jirani, na hatua tano tu kutoka kisimani ng'ombe wa jirani wamesimama kwenye kinyesi chao.

"Bomba limekauka siku nyingi," mpishi akasema. "Tunashukuru jirani."

"Na mnayachemsha?"

"Haya ya watoto? Aa, jiko lenyewe moja, uji utapikwa saa ngapi?" Akanyoosha mwiko kwenye sufuria dogo lililoning'inia peke yake. "Tunachemsha yale yako tu, ya Jumatatu. Mwalimu alisema dada yake hataki kabisa maji mabichi."

Haki ya Mungu, nilitoka mbio kurudi hospitali.

Nilimkuta mdogo wangu kwenye korido ya wodi. Hakukana. Heri angekana.

"Niliogopa utanifungia shule, dada."

"Ningekufungia, ndiyo! Na mwanangu saa hizi angekuwa nyumbani ananipigia kelele!"

"Nilidhani hayana neno. Walikuwa wanakunywa, hawaumwi..."

"Wiki kumi na moja unanichemshia chupa, unaniletea, unanicheka usoni!"

"Sikukucheka." Akapiga magoti pale pale, watu wanatazama. "Usiandike, dada. Nisitiri. Damu ni nzito kuliko maji."

"Damu ipi? Hii iliyo kwenye nepi ya Chiriku?"

Niliandika. Niliandika tangi, kisima, ng'ombe na sufuria dogo. Halafu nikakaa na kalamu muda mrefu, kwa sababu mstari wa mwisho ulikuwa wangu: kwamba mara kumi na moja nilitia sahihi nimechota maji ambayo sikuyachota. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini nguo yenyewe niliivaa mwenyewe na kufunga vifungo. Kiti alileta yeye, jukwaa nilimjengea mimi. Msimamizi alisoma, akaniambia niache funguo za maabara mezani mpaka waamue. Chekechea ikafungwa siku hiyo hiyo.

Kesho kutwa ikafika, mashine ikasogezwa kitandani. Muuguzi alipokuja kumgeuza Chiriku akashika shuka, akashtuka. Limelowa! Mkojo wa rangi ya chai, haujai hata kikombe. Niliukumbatia ule unyevu nikalia kama mwendawazimu. Jioni dalili za uhai zikaanza kurudi usoni mwake, na muuguzi akaniruhusu nimpe maji, funda moja moja. Hakuyataka. Hakutaka chochote kutoka mkononi mwangu, wala hakusema neno.

Ndipo mlango ukafunguliwa kidogo. Mdogo wangu, macho yamevimba, hathubutu kuvuka kizingiti.

Chiriku akageuza kichwa. "Mama mdogo!" Neno lake la kwanza baada ya siku sita. Mikono yote miwili akainyoosha mlangoni. "Mama mdogo, nina kiu."

Mdogo wangu akatoa chupa kwenye mkoba, akanikabidhi bila kunitazama.

"Nimeyachemsha, dada," akasema.

Nikaipokea. Ilikuwa vuguvugu, kama zile zote.