Dawa ya Kusikiliza

Delyth Probert alikuwa amesimama katikati ya ngazi za nyumba yao, koti mwilini, kiatu mguu mmoja, soksi mguu wa pili, mkononi kashika ukanda wa karatasi ya ukutani mrefu kumshinda yeye mwenyewe. Ukuta mzima ulikuwa umechunwa kama kondoo. Chini ya karatasi ya maua kulikuwa na nyingine ya milia, na chini ya milia kulikuwa na rangi ya kijani aliyoijua tangu hajaanza shule. Alifurahi kuiona. Alikuwa anaifuata kwa kucha, polepole, ulimi nje kama mtoto anayechora, na duniani hapakuwa na kitu kingine.

Kisha taa ya barabarani ikawaka, mwanga ukapita kwenye kioo cha mlango na kumwangukia miguuni. Akakiangalia kile kiatu. Nilivaa niende wapi? Alijiuliza hivyo bila wasiwasi, kama anauliza habari za mtu mwingine. Jibu lilipokuja, kwamba ni kwa daktari na saa imeshapita, akakaa palepale kwenye ngazi juu ya takataka zake.

Simu alikuwa ameitega ilie. Alikuwa ameitega mara mbili, maana anajijua. Akashuka mpaka jikoni na kuikuta mezani, ubavuni mwa kikombe cha chai cha mama yake, Eirlys. Kwenye kioo ilionyesha kwamba imelia, na kwamba imezimwa.

"Mama, simu ililia?"

"Ililia. Kelele gani zile. Nikaizima."

"Mara zote mbili?"

"Ulitaka niiache inipasue kichwa?" Eirlys alichovya biskuti kwenye chai, akaitoa kabla haijakatika. Kwa hilo alikuwa fundi.

"Ulijua ni ya nini."

"Kwani mimi karani wako? Una miaka arobaini na tatu, mwanangu. Si una dawa ya akili? Ikukumbushe yenyewe."

Delyth alivua kile kiatu kimoja akakiweka juu ya meza, mama yake akamwambia atoe uchafu wake mezani, akautoa.

Sasa ili uelewe ukubwa wa balaa lenyewe, lazima ujue lile bonde lao linavyotibiwa. Zahanati ni moja, jina moja, madaktari walewale, lakini nyumba zake ni mbili: moja juu karibu na kanisa, nyingine chini karibu na kituo cha treni. Meseji ya miadi inakwambia saa. Nyumba gani, hiyo utajua mwenyewe. Majira ya baridi Delyth alifika mapema, kachana nywele, kakaa kwenye nyumba ya juu anajisifu moyoni, na huko chini wakaliita jina lake mpaka wakachoka. Wakaandika hakufika. Na kanuni yao ilikuwa haina mchezo: mtu wa dawa kama ile asipofika mara mbili kwa mwaka, anarudishwa kwa mtaalamu wa hospitali, akaanze foleni upya.

Foleni hiyo Delyth alishaikalia. Aliikalia mpaka akasahau kwamba yumo. Mtaalamu alipomwona hatimaye, alimwambia kwa saa moja kile ambacho walimu, waume na waajiri walikuwa wameshindwa kumwambia kwa miaka yote, akampa jina la ugonjwa huo wa akili isiyotulia, na vidonge, akarekebisha kiasi cha dawa mpaka kikakaa sawa. Halafu akamkabidhi kwa daktari wa mtaa, Dk. Havard, kama mtu anavyomwachia jirani kondoo: mlishe, mnyoe, akifa tutajua wa kulaumiwa. Dk. Havard aliandika dawa ya mwezi mmoja, kila mwezi, hazidishi hata siku, na mara mbili kwa mwaka lazima apime presha na mapigo ya moyo. Dawa ile inasukuma moyo. Hilo hakuna aliyemficha.

Na dawa ilifanya kazi, wee acha tu. Delyth alikuwa mtu wa kufukuzwa kazi kabla hajazoea njia ya kwenda kazini. Baada ya vidonge akadumu kwenye jiko la shule ya msingi mpaka wakampa sahani za njano. Hizo ndizo za watoto ambao chakula fulani kinaweza kuwaua, na kulikuwa na kibinti kimoja, chembe ya ufuta tu inatosha kumfunga koo. Sahani zile hapewi mtu anayeota mchana. Siku aliyopewa, Delyth alijifungia stoo akalia kidogo, akatoka akakata karoti.

Tatizo likawa presha. Kipimo cha mwisho kilikuwa juu. Dk. Havard alisema kwa upole wake wote kwamba ikiwa juu tena, dawa ataisimamisha. Delyth akabeba maneno hayo mpaka jikoni shuleni, na mwenzake Meinir, anayemenya viazi huku anatawala dunia, akampa ushauri. Mume wangu, alisema, kila akienda kupimwa kwa ajili ya leseni ya lori anaacha bia wiki nzima, anatoka na presha ya mtoto mchanga. Na wewe acha vidonge siku chache, pima, kisha endelea. Ni nani atajua?

Delyth akaona ni akili. Akaacha Jumamosi. Sahani za njano akamwachia Meinir kwa wiki hiyo, ujinga wake haukufika huko. Mpaka Alhamisi, siku ya kipimo, alikuwa amerudi kuwa Delyth wa zamani, yule wa kiatu kimoja. Na hapo ndipo kosa lenyewe lilipo, kosa ambalo wanaliweza watu wa aina yake peke yao: aliacha dawa ya kukumbuka ili afaulu kipimo, kisha akasahau kwenda kwenye kipimo.

Kesho yake asubuhi hakupiga simu. Kupiga simu pale ni kusikiliza muziki mpaka nafasi ziishe. Alikwenda mwenyewe, nyumba ya chini, akasimama mbele ya kioo cha mapokezi. Nyuma ya kioo alikuwa Bi. Pugh, mwanamke aliyesoma na Eirlys darasa moja, na sauti yake haikuwahi kujua kwamba kuna kitu kinaitwa siri ya mgonjwa.

"Ulikuwa wapi jana, Delyth? Maana juu hukuwepo, na chini hukuwepo."

"Nilisahau, Bi. Pugh."

"Alisahau," Bi. Pugh akawatangazia waliokaa. "Dawa ya kutosahau, kasahau kuifuata."

Watu wakacheka. Mzee mmoja mwenye mguu wa bandeji akasema wampekue vizuri, huenda na kichwa kakiacha kwenye basi. Delyth naye akacheka. Alikuwa amezoea kucheka kabla ya wengine kumaliza, ili ionekane mzaha ni wake. Bi. Pugh akampa kiti, akamwambia daktari akipata upenyo atamwona, asipopata basi, na asianze kuzungukazunguka.

Alikaa amekalia mikono yake. Alisoma bango la kisukari mara nyingi mpaka herufi zikaanza kuhama. Alipoitwa, palikuwa pameshabaki yeye na mfagiaji.

Dk. Havard alikuwa mwanamke mwembamba mwenye uso wa mtu anayeomba radhi kabla hajakosea. Alimfunga Delyth ule mkanda wa presha mkononi, mashine ikavimba, ikapumua, ikatoa namba. Daktari akaitazama akashusha pumzi.

"Bado iko juu. Leo umemeza saa ngapi?"

"Sijameza."

"Jana?"

"Sijameza tangu Jumamosi. Nilitaka ishuke."

Dk. Havard alimgeukia mzima mzima, kisha akaigeukia mashine, kama vile kati ya wale wawili kuna mmoja aliyemdanganya. Akapima tena. Namba ikarudi ileile, na kidogo juu yake.

"Kwa hiyo si dawa," Delyth alisema.

"Inaelekea si dawa."

"Basi niandikie."

Huko nje Bi. Pugh alikuwa anamweleza mtu kwenye simu kwamba nafasi zimekwisha.

"Delyth, ungefika jana ningekuandikia. Kweli kabisa. Lakini jioni nimeshakurudisha hospitali. Ni mara mbili."

"Si umenirudisha wewe? Niite tena."

"Si mimi. Ni utaratibu." Aliutamka utaratibu kama jina la mkwe wake. "Wao ndio watakuanzisha upya."

"Lini?"

"Sitakudanganya. Unaijua foleni yenyewe."

Delyth alitazama ukuta nyuma ya daktari. Ulikuwa umepakwa rangi, hauna karatasi, hauna hata pa kushika. Alitaka kusema kuhusu kibinti cha ufuta. Alitaka kusema kwamba kuna mtu amekaa ndani yake ambaye amemjua kwa mwaka mmoja tu na bado hajamzoea, na kwamba mtu huyo sasa anaondoka. Lakini maneno yalikuwa yanapishana mlangoni, na lililotoka lilikuwa asante.

"Ngoja," daktari akasema, sauti ikachangamka, maana alikuwa amepata kitu cha kumpa. "Hii presha yenyewe hatuwezi kuiacha. Nakuandikia vidonge vya presha. Hivi naweza. Ila ni kila siku, saa ileile, na usisahau hata mara moja. Kusahau ndiko kunakoua watu."

Delyth akamwangalia aone kama ni mzaha. Haukuwa mzaha. Dk. Havard alikuwa ameshaanza kuandika.

Nyumbani Eirlys alitaka kujua kila kitu, akaambiwa kila kitu, akatikisa kichwa kama mtu ambaye alisema tangu mwanzo.

"Afadhali," alisema. "Tupumzike sasa na huo uchawi wa hospitali."

"Nitaacha zile sahani, mama. Jumatatu nitawaambia."

"Waambie. Kwani wewe ulizaliwa na sahani?" Akavuta shali. Kisha, kwa sauti ya mtu anayekumbuka sikukuu, akasema: "Zamani ulikuwa mtoto mzuri, Delyth. Nilikuwa naweza kukwambia neno lolote, linapita. Nikwambie baba yako aliondoka kwa ajili yako, unauliza kama kuna siagi. Nikikasirika nakutemea yote, natulia, wewe uko mawinguni, hakuna aliyeumia. Sasa umeanza kunikazia macho. Umeanza kunijibu. Juzi nimesema jambo moja dogo tu kuhusu umbo lako, umeshika mlango unaniuliza nina maana gani. Nina maana gani! Nyumba hii watu hawajawahi kuulizana maana."

Delyth alikuwa amesimama kwenye sinki anaosha kikombe ambacho kilishatakata. Maneno yale yaliingia, mengine yakapita, kama zamani. Aliyasikia yakipita. Alijaribu kulishika lile la baba, likamponyoka, na badala yake akajikuta anawaza karatasi ya ukutani, ile milia, ni nani aliyeichagua. Mama yake akaliona hilo. Akaona macho ya bintiye yamekwenda, na uso wake mzee ukalainika, akaegemea kiti, akaendelea kusema. Alisema kwa raha. Alisema mpaka chai ikapoa.

Jumamosi asubuhi Delyth alifungua droo ya kitanda. Vile vidonge alivyoviruka ili afaulu vilikuwepo, na kopo lenyewe lilikuwa na vingine kadhaa chini. Akavimwaga kwenye shuka. Jumatatu kulikuwa na shule. Kulikuwa na siku ya kwenda benki, na siku ya dada wa Meinir kuolewa, aliyoahidi kuoka keki. Alivihamisha huku na huku juu ya shuka, akiipa siku hii kimoja, akiinyang'anya ile. Hatimaye akachukua kimoja akakimeza bila maji. Vingine akavirudisha.

Akaoga. Akavaa viatu viwili. Akasubiri, na polepole ukaja ule utulivu anaoujua, kama chumba chenye redio nyingi zinapozimwa moja moja. Mwishowe ikabaki moja, na hiyo ilikuwa inasikika kutoka jikoni, ikilalamika kuhusu mkate.

Akashuka. Akafunga mlango wa jikoni nyuma yake, akavuta kiti, akakiweka mbele ya mama yake, karibu mpaka magoti yakakaribia kugusana.

"Kuna nini?" Eirlys akauliza.

"Vimebaki vichache, mama. Cha leo nimekumezea wewe."

"Umekuwa mwehu kabisa."

"Anza na la baba. Kisha lile la umbo langu. Kisha simu, ulipoizima mara ya pili ulikuwa unawaza nini. Sema yote, usiache. Nina siku nzima, nakusikiliza mpaka mwisho."

Eirlys alifungua mdomo. Mwanamke yule hakuwahi kukosa neno, si msibani, si harusini. Alimtazama bintiye, akasubiri macho yale yateleze kwenda dirishani kama yalivyofanya miaka yote. Mtaani mtu alikuwa anaosha gari lake, maji yakitiririka kwenye mfereji. Macho hayakwenda.

"Geukia kule kwanza," Eirlys akasema. Sauti ilikuwa ndogo, na ilikuwa karibu na kuomba. "Siwezi kusema ukiniangalia hivyo."

Delyth hakugeuka.