Mabuu Weupe Kwenye Mrehani

Kaka yangu alipiga simu saa tatu asubuhi, na alivyoniita "dada" tu nikajua maji yamemfika shingoni. Kwa miezi miwili jina langu kwake lilikuwa Mama Wadudu, tena mbele za watu.

"Njoo kitaluni mara moja," akasema. "Mkaguzi wa mnunuzi anakuja saa nane."

Nilikwenda bila haraka. Nilivaa hata hereni.

Kitalu ni cha baba, nyumba mbili za plastiki zilizojaa mrehani wa vyungu. Watu huchuma jani lile na kulila, kwa hiyo mnunuzi wetu ana sharti moja: sumu isiingie humo. Badala ya sumu tulikuwa na mbawakawa, weusi wenye vichwa vya rangi ya chungwa, wadogo kuliko punje ya mchele. Kazi yao ni kula vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba wanaofyonza mashina. Niliwalea mimi. Miaka sita, katika chumba cha giza nyuma ya stoo, juu ya maboga niliyoyajaza vidung'ata kwa makusudi ili mbawakawa wapate cha kula. Mikono ilininata mpaka mume wangu akawa ananiambia ipo siku nitaamka na shuka limeninata mikononi.

Kisha baba akapooza upande mmoja, na kaka akarudi nyumbani na viatu vyake vinavyong'aa. Kwanza alijipa umeneja. Halafu akamwambia mwandishi wa gazeti, mimi nimesimama pale pale na ndoo mkononi, kwamba utaalamu wa mbawakawa ni wake. Akaniambia nisogee, naziba picha. Wiki ile ile akanipokonya ufunguo wa chumba cha maboga.

"Kulisha wadudu hata mtoto anaweza," akasema.

Neno lile sikulisahau. Nilikuwa nataka chumba changu, na nilitaka aaibike mbele ya mtu anayejua kazi. Sikulia wala sikugombana naye. Nilisubiri.

Asubuhi hiyo nilimkuta mlangoni, shati limemganda mgongoni. Akanivuta hadi meza ya tatu.

"Ona. Wametapakaa kila mahali."

Nikainama. Mashina yalikuwa yamejaa vitu vyeupe vyenye nyuzinyuzi za nta. Nikamgusa mmoja kwa ncha ya ukucha, akatoka mbio. Kidung'ata hakimbii hivyo. Hawa walikuwa mabuu, watoto wa mbawakawa wangu, wanene, wako kazini. Buu wa mbawakawa huyu huvaa weupe ule ule wa kidung'ata, na asiyewajua humchanganya mlaji na anayeliwa. Kaka hakuwa amewahi kumgusa hata mmoja.

"Si vidung'ata hawa?" akauliza.

Neno moja lingetosha. Lilikuja mpaka kwenye ulimi, nikalimeza.

"Si wewe ndiye mtaalamu, kaka? Mimi ni wa kulisha tu."

"Acha utani, dada. Akiwaona nimekwisha."

"Basi fanya unavyoona."

Akaangalia saa. Akaingia stoo, akatoka na bomba la mgongoni na chupa ya sumu aliyokuwa ameificha nyuma ya magunia ya mbolea. Nilipindua ndoo nikakaa, nikamtazama akipuliza meza baada ya meza. Mabuu walijikunja wakaanguka kwenye udongo. Sitadanganya, niliona raha.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba. Harufu ya sumu ilimpokea mlangoni. Akaokota buu aliyekufa, akamgeuza kiganjani kwa kalamu.

"Nani kaua hawa?"

"Ni vidung'ata, mama," kaka akasema. "Tumewadhibiti."

"Huyu ni mtoto wa mbawakawa. Umewaua waliokuwa wanakulindia mimea."

Kaka akageuka kunitazama, mdomo wazi. Uso ule nilikuwa nimeusubiri miezi miwili, na nikautazama mpaka nikashiba. Kisha nikasimama, nikajipangusa gauni.

"Mama, mimi ndiye niliyewalea," nikasema. "Miaka sita. Huyu hajui lolote. Nirudishiwe chumba changu na nipewe msimu mmoja, nitawarudisha wote."

Akaniangalia juu ya miwani.

"Uliwaona leo, kabla hajapuliza?"

"Niliwaona."

"Ukawatambua?"

Ningeweza kusema hapana. Lakini kusema sikuwatambua kungekuwa kumpa kaka utaalamu wangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Niliwatambua."

Akamgeukia kaka.

"Vyungu vyote vitupwe leo. Msimu ujao nitakuletea mtu akufundishe kuwalea. Asiyejua hufundishika. Ila dada yako asiingie humu tena, la sivyo tafuteni mnunuzi mwingine."

"Sawa, mama," kaka akajibu kwa upole.

Akanifungulia mlango mwenyewe, bila hata neno la kejeli. Nilitoka nikimchukia kuliko nilivyomchukia asubuhi, na safari hii sikuwa na kosa lake la kumshtakia.