Chaki ya Mwaka 1969

Kwetu Grogan, Nairobi, fundi hakabidhi gari chafu. Kwa hivyo bosi aliposema majaji wa magari ya kale wanakuja Jeddah kutoka Riyadh kukagua gari lake la Kimarekani, nililala chini yake nikalisugua kwa petroli mpaka likang'aa. Kulikuwa na maandishi ya chaki ya manjano. Nayo nikayafuta.

Bosi aliinama, akachungulia, akapiga magoti. Nilidhani moyo umemshika.

"Kenya, chaki iko wapi?"

"Mafi, bosi, haipo. Nimefuta. Ilikuwa uchafu."

Mungu wangu, mwanamume mzima akalia! Akanieleza huku akijifuta kamasi kwamba kule kiwandani, mwaka 1969, kila mfanyakazi aliandika alama yake kwa chaki, na bila alama hizo gari si kama lilivyotoka kiwandani.

"Huyu aliyeandika R," akasema, "nimetafuta miaka kumi nijue aliitwa nani."

Miaka minne namtengenezea magari, pasipoti yangu imo kwenye droo yake, na mpaka leo ananiita Kenya.

Naitwa Dancan.