Kapewa au Kupewa

Mama Wodi, kama wote walivyomwita muuguzi mkuu, aliingia zamu asubuhi miguu ikimuuma kabla hata hajaanza kuitumia. Wodi ya wanaume ilijaa pomoni. Binti muuguzi aliyekesha na wagonjwa alikuwa keshaondoka kuwahi gari, na taarifa aliiacha kwenye simu ya wodi: "Mzee wa drshn kpw sindano. Wngn wako pw."

Mama Wodi akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kapewa, au kupewa? Mzee wa dirishani alikuwa na kisukari. Sindano ya pili juu ya ile ya kwanza ingeweza kumzimisha, na kuikosa nako si salama. Alipomuuliza mwenyewe, mzee alijibu kwamba amechomwa sana maishani mwake, hajui ipi ni ya leo.

Akapiga simu, haikupokelewa. Akaandika, neno kwa neno, mpaka na alama ya kuuliza: "Mwanangu, mzee kapewa sindano au anatakiwa kupewa?"

Jibu likaja: "Ndyo."

Hakukasirika. Hasira nayo inataka nguvu. Kipimo cha sukari cha wodi kilikuwa kibovu, akamtuma mhudumu akaazime wodi ya jirani, mwenyewe akakaa kando ya kitanda akimshika mzee mkono. Mkono ulikuwa umeanza kulowa jasho. Kipimo kilipofika, sukari ilikuwa chini. Kapewa, na hajatia kitu tumboni. Mama Wodi akamkorogea maji ya sukari, akamnywesha kijiko kwa kijiko mpaka macho yakarudi.

Jioni binti aliporudi kazini, Mama Wodi alimpa ujumbe wake ausome kwa sauti. Alianza vizuri, akafika kwenye "kpw", akakwama palepale alipokwama Mama Wodi asubuhi. Akaelezwa yaliyompata mzee. Akainama.

"Vidole vinaandika vyenyewe, mama," alisema taratibu. "Siku hizi hata nikishika kalamu vinakata maneno."

Mama Wodi alikuwa amejiandaa kumsema mpaka akome. Alimtazama yale macho mekundu, akamsogezea kiti.

"Kaa, uiandike taarifa upya. Usile hata irabu moja."

Binti akaandika, akifuta na kurudia, kama mtoto anayejifunza kuumba herufi. Mama Wodi alivua viatu, akasubiri. Nje basi la kumrudisha nyumbani likapita, alilisikia, hakuinuka.